Kifo Kisicho na Matanga

Kaseti ilikuwa inaongea. Skrini ilikuwa imenyamaza.

Saa tatu na nusu usiku, chumbani kwangu Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Hedifoni nilikuwa nimezichomeka kwenye deki yenyewe badala ya kompyuta, wala si kwa akili yoyote. Waya ulikuwa mfupi tu. Masikioni nilikuwa na mawaidha ya Ramadhani, kaseti ya marehemu baba, ambayo naijua hadi pale shehe anapokohoa na kuomba maji. Machoni nilikuwa na programu ya kurekodi na ule mstari wake unaochora sauti. Sauti ikiwepo, mstari hupanda na kushuka kama maji ya Raskazone wakati wa kusi. Usiku ule ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Sekunde zinahesabu. Duara jekundu linawaka. Kompyuta inaamini kabisa kwamba inafanya kazi niliyoituma.

Shehe akakohoa. Akaomba maji. Mstari haukutikisika.

Nikakaa kitandani. Kilichonijia kwanza hakikuwa kompyuta, wala deki, wala baba. Kilikuwa mlango wa bluu wa nyumba moja ya Makorora, na bibi aliyesimama mlangoni akinipa pole mimi kwa ajili ya kaseti yake.

Nilivyomwambia

Mnaonisoma siku zote mnaijua shughuli yangu ya jioni. Mtu analeta kaseti, naitia kwenye deki, deki inaingia kwenye kompyuta kwa adapta ndogo ya USB, na baada ya siku mbili tatu mwenyewe anaondoka na fleshi. Shilingi 5,000 kwa kaseti. Zinakuja taarabu za Black Star na Lucky Star zilizonakiliwa kaseti juu ya kaseti hadi magitaa yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Zinakuja harusi, hitima, hotuba. Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa, ina subira. Kaseti haijui njia ya mkato: dakika 45 za upande mmoja ni dakika 45 za maisha yako, na mimi za kwangu nilikuwa nazipeleka barazani kwenye kahawa.

Bibi wa Makorora alileta kaseti moja tu, ameifunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa barua. Nduguye alikwenda Maskati, na mwaka 1986, badala ya kuandika, akazungumza. Pwani hii kaseti za namna hiyo ziko ndani ya makabati mengi, na barua ya kaseti ina adabu zilezile za barua ya karatasi: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya hapo salamu, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba.

Nikabonyeza, nikaenda kahawani. Niliporudi ukanda ulikuwa umefika mwisho. Nikasikiliza mwanzo, safi. Nikarukia katikati, kimya. Mwishoni, kimya. Sauti ilikuwa imekatika dakika ya 11 na sekunde 40, katikati ya salamu.

Nikafanya kile nilichodhani fundi makini angefanya. Nikairudisha kaseti hadi palepale, nikaicheza upya, nikasikiliza kwenye spika za kompyuta.

Kimya.

Kesho yake nikapanda baiskeli hadi Makorora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Sikuingia ndani. Nikamweleza palepale mlangoni, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ukanda wa kaseti ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, kwamba unga huo ukizeeka hupukutika, kwamba joto na unyevu wa Tanga havina huruma na vitu kama hivi. Yote hayo ni kweli, na ubaya wake ndio huo. Nilisema mambo ya kweli tupu juu ya kaseti isiyokuwa na ugonjwa wowote.

"Imekufa, bibi. Kuanzia dakika ya kumi na mbili hamna kitu."

"Basi. Miaka mingi hiyo, mwanangu. Pole kwa kuhangaika."

Akanishikiza ile elfu tano mkononi. Nikaichukua.

Vitu vinavyoshikika

Usiku ule wa mawaidha nilianza kushuku kila kinachoshikika kwa mkono. Hiyo ndiyo tabia ya sisi tuliojifunza ufundi kwa kufungua redio: tatizo lazima liwe na skrubu.

Nikapangusa kichwa cha deki kwa spiriti. Nikabadilisha waya, ule wenye jeki nyekundu na nyeupe. Nikachokoa kutu kwenye matundu, maana hapa hewa ya bahari haimsamehe mtu. Hata funguo za mlango zinaota ukungu wa kijani. Nikabadilisha adapta kwa nyingine niliyoazima. Siku mbili mambo yakawa mazuri, nikajipongeza. Siku ya tatu mstari ukalala tena.

Kilichonichanganya ni kwamba kila kaseti ilikuwa inafia mahali pake. Hii dakika ya 12, ile ya 26, nyingine haifi kabisa. Ingekuwa kompyuta, nilijiambia, zingekatika zote mahali pamoja. Hoja hiyo niliiona ina akili sana. Niliilala nayo usiku kadhaa.

Kisha likaja swali la aibu: ni kaseti ngapi za watu nimeshazikabidhi zikiwa zimekufa nusu?

Mimi nilikuwa na njia yangu ya kukagua kazi, na nilijivunia. Kila faili la dakika 45 lisilobanwa, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, lina takriban megabaiti 476. Nikikuta 476, najua upande wote umeingia. Nikikuta pungufu, najua umekatika. Sikuwahi kukuta pungufu.

Sasa fikiria. Faili la namna hiyo huandika namba kwa kila sampuli, ziwe namba za sauti au ziwe sifuri. Kimya kina uzito uleule wa sauti. Nilikuwa napima magunia kwa mizani bila kufungua hata moja kuona kama ndani mna mchele au pumba.

Nikachukua mafaili yote 58 niliyokuwa nimeyahifadhi, nikayabana kwa FLAC. Mbano huo haupotezi kitu, ila una tabia moja nzuri: mahali penye kimya kitupu hapati la kuandika, hivyo faili hunywea. Mengi yakateremka hadi kwenye megabaiti 230, 250. Tisa yakanywea kuliko wenzake. Moja likawa chini ya 80.

Lile la chini ya 80 lilikuwa na jina la mtaa wa Makorora.

Mpiga debe

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, inatumia mfumo wa Linux. Wa Windows msiondoke. Kwenu nako ipo huduma ya sauti, na tangu toleo la Vista kazi ya kuchakata sauti imetengwa kwenye programu yake, audiodg, kusudi ikianguka isiangushe na nyumba nzima.

Kwenye Linux, chini kabisa kuna ALSA, inayozungumza na kadi ya sauti. Juu yake kwa miaka mingi ilikaa PulseAudio, ya kusafirisha sauti kati ya programu na kadi, iliyoanza mwaka 2004 na kutukanwa sana miaka yake ya mwanzo. Mwaka 2017 ikatangazwa PipeWire, kazi ya Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, na mwaka 2021 Fedora 34, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaifanya ndiyo ya kawaida; wengine wakafuata. PipeWire inasafirisha sauti vizuri mno. Lakini yenyewe haina maoni. Haijui kwamba deki yako ndiyo unayotaka kuirekodi, wala kwamba spika za mbele ni bora kuliko za nyuma. Maamuzi hayo hufanywa na programu nyingine kando yake, meneja.

Nenda stendi ya Kange asubuhi utamwona meneja huyo. Haendeshi basi. Hana basi. Lakini ndiye anayeshika mkono wa abiria na kumwambia, "Korogwe hili hapa, panda." Mwondoe mpiga debe, mabasi yapo, abiria wapo, na hakuna anayefika.

Sikuwahi kumfikiria mpiga debe. Nilikuwa nakagua matairi.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za mitandao aliniuliza kwa simu, "Logi umesoma?"

Nikamwambia nimeshapangusa kichwa cha deki.

"Logi, bwana."

Sikupenda kusoma logi, daftari ambamo kompyuta huandika kila kinachotokea. Ni mistari maelfu, mingi ikilalamika mambo yasiyo na madhara, kama mzee wa barazani anayesema kila jioni kwamba mvua ya mwaka huu si mvua. Ukiisoma sana unaanza kuogopa kompyuta isiyo na shida. Lakini niliandika amri ya kuifungua, `journalctl --user`, nikatafuta saa ya usiku wa mawaidha.

Ilikuwepo. Meneja wa sauti alikufa saa 3:31 usiku kwa ishara namba 11, ambayo mfumo humpa programu aliyegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Mstari uliofuata: meneja ameanzishwa upya.

Baina ya mistari hiyo miwili kuna sehemu ya kumi ya sekunde.

Ndivyo ilivyopangwa. systemd, anayesimamia huduma zote, ameambiwa kwamba meneja akianguka amwinue, na asiposemeshwa vingine hungoja milisekunde 100 tu. Kuna breki: huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10, anakata tamaa na kuiacha chini. Breki hiyo ingenisaidia sana. Ningeamka asubuhi nikute sauti hamna kabisa, nipige kelele, nitafute. Lakini huduma inayokufa mara moja moja haifiki kwenye breki maisha yake yote. Inakufa, inafufuka, inakufa, inafufuka, na wewe uko barazani unapuliza kahawa.

Nikahesabu. Katika wiki saba ilikuwa imekufa mara 63.

Mtu akifa mtaani kwetu, hata asiyekuwa na ndugu, turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, anayepita anauliza nani. Matanga ni habari kabla ya kuwa msiba. Huyu wangu amekufa mara 63 na hakuna aliyeuliza.

Sasa ile picha ikajipanga. Programu ya kurekodi inashika mrija wa sauti. Meneja akifa, mrija unang'oka kwenye adapta. Meneja mpya anaamka, anakuta mrija unaning'inia, anafanya kazi yake: anauchomeka kwenye chanzo anachokiona kwanza. Nacho ni tundu la maikrofoni la nyuma ya kompyuta, ambalo nililifungia sauti zamani kwa sababu ya mvumo. Sifuri, sifuri, sifuri, hadi mwisho wa ukanda. Na mimi, niliyekuwa nauhamisha mrija kwa mkono kila jioni badala ya kuiweka adapta kuwa chanzo cha kudumu, sikuwa nimemwachia maagizo.

Na ule ukaguzi wangu makini, wa kuirudisha kaseti ya bibi na kuicheza upya? Niliusikiliza kupitia kompyuta ileile, mrija uleule, tundu lilelile lililofungwa. Shahidi alisema uongo, nikamwita tena shahidi yuleyule nimuulize kama amesema kweli.

Hapo ndipo nilipoacha kulala vizuri.

Alama ya kuuliza

Lakini kwa nini anakufa? Meneja hafi bila sababu, na toleo langu lilikuwa la zamani. Nilikuwa naahirisha kusasisha kwa kuonea uchungu bando. Nikajiambia hiyo ndiyo jibu, nisasishe nilale. Nikasasisha. Kweli, meneja akaacha kufa. Lakini adapta ikaendelea kupotea na kurudi, na kila ikipotea rekodi inatoboka.

Kumbe kufa kwake kulikuwa dalili. Kuna kitu kilikuwa kinamtisha.

Safari hii nikasoma logi ya kiini cha Linux chenyewe, tukio kwa tukio, sekunde kwa sekunde, nikiilinganisha na saa za vile vifo 63. Kabla ya kila kifo kulikuwa na mstari mmoja unaofanana, unaosema mlango wa USB umezimwa na kitovu chake, unawashwa upya. Na katikati ya sentensi, herufi tatu na alama ya kuuliza: EMI?

EMI ni vurugu za sumaku-umeme, kelele inayotoka kwenye mashine moja na kuingia kwenye nyaya za nyingine. Nimeshasoma ujumbe mwingi wa kompyuta, karibu wote una uhakika wa hakimu. Huu ulikuwa unakisia. Aliyeuandika alijua kwamba kutoka ndani ya kompyuta huwezi kuona kinachotokea nje, akaacha swali kwa yeyote atakayekuwa chumbani.

Nami nilikuwa chumbani. Nikatega sikio.

Kila dakika ishirini na kitu, nyuma ya ukuta: *ngu-u-u-um.*

Barafu

Jirani yangu anauza barafu na ubuyu. Friza yake imekaa ukumbini, mgongo wake umeegemea ukuta wa chumba changu. Nilimgongea asubuhi na mapema, kabla watoto wa shule hawajajaa mlangoni kwake.

"Dada, friza yako nadhani inazima kompyuta yangu."

Akanitazama kwa muda. "Kwani zinajuana?"

Nikamweleza: mota ya kompresa, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na swichi yake hutoa cheche, na cheche ni kama redio ndogo inayopiga kelele kwenye kila waya ulio karibu. Kwa hiyo ningependa kujua friza imechomekwa wapi.

"Si kwako?"

Nikafikiri nimesikia vibaya.

"Kwako, kaka. Soketi yangu iliungua mwezi wa Mfungo Sita, ukanipa ile ekstensheni ukaipitisha dirishani. Tunagawana umeme. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa naipokea hela yake kila mwezi. Nilikuwa tu sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye kichwa kimoja. Friza, deki, kompyuta na adapta, vyote vilikuwa vinanyonya kwenye soketi moja ya ukutani, kwa ekstensheni niliyoinunua mwenyewe, isiyokuwa na waya wa ethi.

Nilicheka. Jirani naye akacheka, kisha akaniuliza kama ile barafu yake sasa itayeyuka.

Kumkataza kufufuka

Matengenezo nitayapitia haraka, hayana utamu. Fundi umeme alimrudishia jirani soketi yake yenye ethi, mchana mmoja. Adapta nimeivalisha kipande cha feraiti, cha kumeza kelele hizo, kwenye waya na kuihamishia kwenye mlango wa nyuma uliosogea mbali na waya za umeme. Nimeiweka kuwa chanzo cha kudumu. Wiki tatu sasa logi haina ile alama ya kuuliza.

Kilichonisumbua zaidi, na ndiyo sababu ya kuandika, ni jambo la mistari miwili. Kwenye mpangilio wa huduma ya meneja unaweza kuongeza faili dogo linalosema `[Service]`, na chini yake `Restart=no`. Ukifa, umekufa. Baki hapo hapo hadi nije.

Nilibishana na nafsi yangu siku kadhaa. Yule rafiki wa mitandao aliona ni wazimu: watu wamehangaika miaka na miaka huduma zijifufue zenyewe, halafu wewe Ngamiani unazirudisha kaburini. Ana hoja. Mtu anayesikiliza muziki, huduma ikifa na kuinuka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, amepoteza nini? Kishindo kidogo. Ni neema tupu.

Lakini anayesikiliza ana sikio lake palepale. Kimya kikizidi, anajua. Anayerekodi, sikio lake ni mashine, na mwenyewe yuko kahawani. Kumfufulia huyu huduma ikiwa imeshika tundu jingine, bila kumwambia, si kumhudumia. Ni kumghushia.

Kwa hiyo saa za kurekodi meneja wangu hana ruhusa ya kufufuka. Niliandika na programu ndogo ya ulinzi, akifa ipige kengele. Nikaijaribu, nikamuua meneja makusudi, nikangoja kengele. Haikulia. Nilikaa kama dakika nzima nikiitazama spika kabla sijaelewa kwamba nimetengeneza kengele ya sauti ya kutangaza kufa kwa sauti. Sasa hivi akifa skrini nzima inakuwa nyekundu.

Makorora

Wenye kaseti tisa niliwatafuta. Mmoja ni baba yangu, hana la kusema. Saba wengine nikawapigia, wakaleta tena, nikarekodi upya bila malipo. Mmoja alikuwa hata hajaifungua fleshi.

Wa tisa nilimwacha mwisho. Nilijidai nina shughuli.

Nilipofika, mlango wa bluu ulikuwa wazi. Safari hii niliingia ndani, nikakaa, nikanywa chai ya tangawizi nilivyoambiwa, ndipo nikasema. Kwamba kaseti haikuwa imekufa. Kwamba iliyokufa ilikuwa mashine yangu, na nilikosea, na nimekuja kuichukua niifanye upya, na hii hapa elfu tano yake.

Alisikiliza hadi mwisho. "Ile uliyosema imekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Nilimpa mjukuu. Wana mpunga Mombo, ndege wanawamaliza."

Aliyelelewa karibu na shamba la mpunga anajua. Ukanda wa kaseti ukiuvuta kutoka mti hadi mti, upepo ukipita unang'ara na kuvuma, na kweleakwelea hawatui. Ukanda hupita kwenye deki sentimita 4.76 kila sekunde. Dakika 45 ni mita 128 na zaidi. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimeshika kikombe, sijui kwa nini.

"Wamesema umefaa sana," akaniambia, kama mtu anayenipa habari njema.

Zile dakika 11 na sekunde 40 sikuwa nimempa hata hizo. Nilijiambia wakati ule hazina faida. Nikamwomba aje azisikilize, na Jumamosi akaja Ngamiani kwa bajaji pamoja na kitukuu. Elfu tano ndiyo aliyomlipia dereva, akakataa chenji. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Akatazama skrini, nyaya, deki, akasema chumba kina joto.

Nikabonyeza. Nduguye akatoa salamu kutoka Maskati ya mwaka 1986. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Bibi midomo ilikuwa inatangulia maneno kidogo. Alikuwa ameisikiliza kaseti ile kiasi cha kujua wapi nduguye anavuta pumzi. Nisalimie mjomba wa Pangani. Nisalimie shangazi na watoto wote wa Mkinga. Nisalimie fundi cherehani wa Barabara ya 8, umwambie suruali yake ninayo. Nisalimie

Faili likakatika.

Bibi akaendelea.

"…wale wa nyumba ya mkungu, mkubwa na mdogo. Nisalimie mwalimu wa madrasa. Nisalimie yule mama wa vitumbua…" kwa sauti ileile ya kushuka mwishoni, ya mtu anayezungumzia kwenye maikrofoni ya mkopo.

Nikauvuta waya wa maikrofoni taratibu hadi mezani, nikauchomeka kwenye adapta, nikabonyeza duara jekundu. Mstari ukainuka. Alikuwa amefika kwa watu wa Chumbageni. Alinitazama, akaona ninachofanya, hakunyamaza. Akawapita wa Chumbageni, akaingia Usagara, nyumba mbili, kisha akasimama.

"Hapa kuna mtu mmoja," akasema. "Ngoja."

Akafumba macho. Kitukuu akaacha kuchezea kibodi. Mstari ukalala, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, sekunde moja, mbili, tano, kumi.

Skrini haikuwa nyekundu. Nikasubiri.